Mbu wa Garsen: Dawa Pekee Haitoshi

Mto Tana ukifurika, wakazi wa Garsen huomba dawa ya mbu ipulizwe mitaani. Yafaa ujue kazi yake. Dawa inayopulizwa nje huua mbu wanaoruka wakati huo tu. Viluwiluwi majini hubaki, na siku chache baadaye mbu wapya huibuka. Ile inayonyunyiziwa ukutani ndani ya nyumba hudumu miezi kadhaa, kwa kuwa mbu wengi wa malaria, wakisha kunyonya damu, hutua ukutani.

Wako pia mbu ambao mayai yao hukaa udongoni miaka mingi yakingoja mafuriko. Hao ndio waliochochea homa ya Bonde la Ufa mwishoni mwa 2006. Ilianzia Garissa, ikafika Tana River, na kufikia 2007 ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini. Homa hiyo huambukizwa pia na damu ya mnyama mgonjwa. Hivyo, dawa ya mbu haimkingi anayemchinja mbuzi aliyetupa mimba.

Wapulizaji wakija, toa nje watoto, maji na chakula; mrudi dawa ikishakauka. Kuta zisikandikwe upya. Usiku, lala ndani ya chandarua. Ukishikwa na homa, nenda hospitali mara moja ukapimwe damu.