Kompyuta ya mtu asiyeona: tuchague Linux ipi?



Mtu asiyeona akipata barua, mara nyingi humwomba mwingine amsomee. Iwe barua ya daktari, ujumbe wa benki au muhtasari wa kikao cha parokia, siri yake hupita kwanza kinywani mwa mtu mwingine. Kompyuta yenye programu ya kusoma skrini hupunguza mzigo huo. Inageuza maandishi kuwa sauti, naye mwenyewe anaiongoza kwa kibodi.

Wengi hutumia NVDA, programu isiyolipiwa iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ndani ya Windows. Aliyeizoea na ambaye kompyuta yake bado ni nzima, aendelee nayo. Lakini hapa Ibanda tunanunua sana kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine. Nyingi za zamani hazikubali Windows 11, na Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta hizo, Linux ni njia nzuri: hailipiwi, na mtu anaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Ugumu ni kwamba kuna aina nyingi za Linux. Tunapendekeza kuuliza maswali manne.

La kwanza: je, asiyeona anaweza kuiweka yeye mwenyewe? Hili ndilo swali kubwa. Kama kila mara inapoharibika lazima atafutwe kijana mwenye macho, bado hajapata uhuru wake. Debian inajibu vizuri. Ukiwasha kompyuta kwa flashi yenye Debian, kwenye orodha ya kwanza unabonyeza herufi s, kisha Enter, na sauti inaanza kuongea. Herufi s iko mahali pamoja kwenye kibodi ya Kifaransa na ya Kiingereza, basi hakuna kupotea. Swali la lugha linasomwa kwa Kiingereza. Ukichagua Kifaransa, mengine yanafuata kwa Kifaransa. Kazi ikiisha, kompyuta inabaki na programu ya kusoma skrini ndani yake.

La pili: je, inaongea lugha zetu, hata bila intaneti? Programu ya kusoma skrini inayotumika sana katika Linux ni Orca. Mara nyingi huongea kwa sauti za eSpeak NG, ambazo zinakaa ndani ya kompyuta yenyewe na zina Kifaransa na Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ni kavu, kama ya mashine, na sikio linahitaji siku kadhaa kuizoea. Lakini inasoma, hata siku ambayo hakuna megabaiti.

La tatu: je, ni nyepesi? Kompyuta ya zamani ikibebeshwa sura nzito, sauti inachelewa, na asiyeona hajui kama mashine imekufa au inafikiri. Sura inayoitwa MATE ni nyepesi na inaelewana vizuri na Orca. Inapatikana katika Debian, Linux Mint na Ubuntu MATE. Mara nyingi Orca huwashwa kwa kubonyeza pamoja Alt, kitufe cha Windows na herufi S. Na kwa kuwa umeme wa SNEL hukatika, angalieni pia betri kabla ya kulipa.

La nne: je, itakuwepo miaka ijayo? Vinux na Sonar zilitengenezwa hasa kwa ajili ya wasioona, na watu walizipenda. Zote mbili zimekoma, kwa sababu zilibebwa na mikono michache. Debian ilianza mwaka 1993 na ina watu wengi wanaoitunza. Kwa hiyo tusivutwe na jina linalosema "kwa vipofu" tu. Tuangalie pia ni nani atakayeitengeneza kesho.

Kwa maswali hayo manne, ushauri wetu ni Debian yenye MATE kwa kompyuta ya zamani. Mwenye mashine yenye nguvu zaidi anaweza kujaribu Ubuntu MATE kwa flashi, bila kufuta kitu chochote, kabla ya kuamua.

Jambo la mwisho tunawaomba wazee wa kanisa na makamati ya diakonia. Msinunue kompyuta kwanza, kisha mkaipeleka kwa ndugu asiyeona kama zawadi iliyokwisha kuamuliwa. Mwiteni siku ya kuijaribu. Avae visikilizio, aweke mikono yake kwenye kibodi, afungue barua na aisome mwenyewe. Akisema sauti haieleweki au vitufe vinamshinda, tafuteni nyingine. Yeye ndiye atakayeishi nayo.