Kompyuta Moja, Mifumo Miwili: Vijana Wajifunze Bila Kuhatarisha Hesabu za Usharika

Na Mratibu wa Miradi, Matogoro – Songea



Sharika nyingi zina kompyuta moja tu ofisini. Humo yamehifadhiwa majina ya washarika, ahadi za bahasha na taarifa za fedha za mwaka mzima. Vijana waliomaliza sekondari nao huomba kuitumia jioni kujifunza kuandika programu, na kwa kazi hiyo wanahitaji mfumo wa Linux. Hapo kamati hugawanyika. Wengine husema tuwaombe wafadhili kompyuta nyingine, na wengine husema vijana wasiiguse kabisa. Makala hii inaeleza njia ya tatu, iitwayo mashine pepe.

Mashine pepe ni nini?

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha na kuziongoza programu nyingine zote. Kompyuta nyingi za ofisi hutumia Windows. Ukiifuta Windows ili uweke Linux, hesabu za usharika zinakwenda nayo. Unaweza pia kuigawa diski sehemu mbili, lakini kosa dogo wakati wa kugawa laweza kupoteza mafaili yote.

Mashine pepe ni programu ya kawaida inayowekwa ndani ya Windows, ikatengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta halisi. Ndani yake huwekwa Linux. Mafundi huiita Windows mwenyeji na Linux mgeni. Mgeni hupewa sehemu ya kumbukumbu na ya diski, na kila alicho nacho hukaa ndani ya faili moja kubwa. Haoni mafaili ya mwenyeji mpaka afunguliwe mlango kwa makusudi.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilikuwa nalo tangu miaka ya 1960 kwenye kompyuta zake kubwa. Kwa kompyuta ndogo lilienea baada ya VMware kutoa programu yake mwaka 1999. VirtualBox, ambayo msingi wake hupatikana bure, ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani ya Innotek, na sasa iko chini ya Oracle.

Kwa nini vijana wanahitaji Linux?

Sehemu kubwa ya tovuti na mifumo ya taasisi duniani huendeshwa na seva za Linux. Mfano uko ndani ya Kanisa letu. Katika miaka ya 2000, baadhi ya hospitali za KKKT zilianza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa Care2x, programu huria ambayo kila taasisi inaweza kuirekebisha kulingana na mahitaji yake. Programu ya namna hiyo inahitaji watu wa hapa nchini wanaoweza kuifungua, kuielewa na kuitengeneza. Kwa mtazamo huohuo, mwaka 2007 Chuo Kikuu Kishiriki cha Iringa, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu cha Ufini, kwa kulenga mazingira ya Tanzania.

Faida kwa mwanafunzi

Anayejifunza lazima aharibu. Kabla ya kujaribu jambo jipya, kijana huhifadhi hali ya mashine pepe ilivyo wakati huo. Akikosea na Linux ikagoma kuwaka, huirudisha kwenye hali ile kwa dakika chache. Asubuhi mtunza hazina anafungua hesabu zake kama alivyoziacha.

Mahitaji

Jambo la kwanza ni kumbukumbu ambayo mafundi huiita RAM. Kompyuta yenye GB 4 itasumbua, kwa sababu mwenyeji na mgeni wanagawana. Yenye GB 8 inatosha kwa mafunzo: mgeni apewe GB 2 hadi 4. Diski iwe na nafasi tupu ya GB 30 au zaidi. Prosesa iwe na uwezo wa kubeba mashine pepe. Intel ilianza kuuweka mwaka 2005 na AMD mwaka 2006, lakini mara nyingine fundi hulazimika kuuwasha katika mipangilio ya awali ya kompyuta.

Linux yenyewe ni bure. Kwa kuwa faili lake ni kubwa, lipakuliwe mara moja penye intaneti nzuri, kisha lisambazwe kwa flashi.

Tahadhari

Mashine pepe haiondoi haja ya kuwa na nakala za akiba. Diski ikifa, mwenyeji na mgeni wote wanapotea. Umeme nao ukumbukwe. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, lakini umeme ukikatika ghafla faili la mgeni laweza kuharibika, hivyo betri ya akiba ni muhimu.

Vilevile, kijana anayekaa mbele ya Windows anaweza kufungua hesabu kama hazikufungwa. Kwa hiyo kamati ihakikishe yafuatayo:

1. Mtunza hazina awe na akaunti yake yenye nywila, na vijana wawe na yao isiyo na mamlaka ya msimamizi.
2. Folda ya hesabu isishirikishwe kamwe na mashine pepe.
3. Vijana watumie majina ya kubuni wanapojaribu programu zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tulinde taarifa za watu.
4. Nakala ya hesabu itolewe kila wiki kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikae mbali na kompyuta.
5. Kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox kisiwekwe ofisini bila leseni, maana ruhusa yake ya bure ni kwa matumizi binafsi, elimu na majaribio.

Neno kwa kamati na wafadhili

Kamati inapoandika ombi, ianze kwa kupima kompyuta iliyopo. Mara nyingi kinachopungua ni kipande cha kumbukumbu, diski ya nje, betri ya akiba na posho ya mwalimu. Wafadhili wetu wapendwa, mkikuta bajeti ya mafunzo ya kompyuta isiyo na kompyuta mpya hata moja, msidhani kuna kitu kimesahauliwa. Kompyuta ipo tayari ofisini, na sadaka yenu itawafanya vijana waifikie bila kuondoa usalama wa hesabu za washarika.