Betri ya kompyuta huuawa na shibe na joto

Mwezi uliopita niliipeleka kompyuta yangu mpakato kwa fundi mmoja pale Kariakoo. Ilikuwa na umri wa miaka miwili tu, lakini kila umeme ulipokatika nayo ilizimika papo hapo, na kazi niliyokuwa nikiandika ikapotea. Fundi, kijana mdogo tu, aliigeuza, akaipapasa kwa chini, akaniuliza ninaitumiaje. Nilipomaliza kueleza akatabasamu: "Mzee, samahani, lakini hii betri umeiua mwenyewe."

Nilitaka kukasirika. Kumbe kijana alikuwa anasema kweli.

Kompyuta ile ilikaa mezani usiku na mchana, waya wa chaja umechomekwa, betri imejaa asilimia 100 wakati wote. Jioni niliipandisha kitandani, nikaiweka juu ya mto, mpaka inapata moto kama pasi. Na kila mwisho wa mwezi niliiacha iishe chaji kabisa hadi izime yenyewe, nikiamini kwamba ndiyo dawa.

Imani hiyo wengi wetu tunayo: usichaji mpaka iishe. Tusiwalaumu waliotufundisha, maana zamani ilikuwa kweli. Betri za nikeli na kadimiamu, zilizotumika katika simu na kompyuta za mwanzo, zilikuwa na tabia ya kuzoea. Ukizichaji kila mara zikiwa nusu, mwisho zilijiona zimekwisha pale pale kwenye nusu. Lakini mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza betri za lithiamu za kuchaji, na za namna hiyo ndizo zilizomo katika kompyuta mpakato na simu zetu leo. Wataalamu watatu waliochangia kuzibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri imebadilika, sisi tumebaki na kanuni ya marehemu.

Sasa, hii ya lithiamu inafanyaje kazi? Tuseme chembechembe za lithiamu ni abiria, na ndani ya betri mna vituo viwili. Unapochaji, umeme unawasukuma abiria kwenda kituo kimoja. Unapotumia kompyuta, wanarudi kituo cha pili, na katika kurudi huko ndiko tunakopata nguvu. Betri ikijaa asilimia 100, kituo kimefurika, watu wamebanana kama kwenye daladala ya jioni. Ikiisha kabisa, taabu inahamia upande wa pili. Na katika kila safari, abiria wachache hunasa njiani wasirudi tena. Ndiyo maana betri nyingi, baada ya kujazwa na kuisha mara 300 hadi 500 hivi, hubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Hakuna betri ya milele. Tunachoweza ni kuirefushia maisha au kuyafupisha.

Hapo ndipo joto linapoingia. Betri iliyojaa kabisa, ikikaa mwaka mzima katika nyuzi joto 40, yaweza kupoteza kama theluthi moja ya uwezo wake hata bila kutumika. Iliyo karibu na nusu, mahali pa nyuzi 25, hupoteza asilimia chache tu. Nasi wa Dar es Salaam tusidhani nyuzi 40 ziko mbali. Gari lililofungwa vioo juani linazipita, na kompyuta iliyozibwa matundu ya hewa kwa mto au blanketi inazipita pia.

Basi tufanyeje? Kwa matumizi ya kila siku, chomeka chaja ikifika asilimia 20 au 30, chomoa ikifika 80. Usiogope kuchaji kidogo kidogo: nusu ya leo na nusu ya kesho zinahesabiwa safari moja, si mbili. Kama kazi yako ni ya mezani, kompyuta nyingi za sasa zina mpangilio wa kuizuia betri isivuke asilimia 80. Mwombe fundi akuwekee. Iweke juu ya meza ngumu ipate hewa. Ukitaka kuihifadhi kwa muda mrefu, iache ikiwa nusu.

Najua mtasema: huyu mtangazaji amesahau kwamba umeme unakatika. Sijasahau. Ukisikia kesho kuna mgawo, au una safari ya Dodoma, ijaze mpaka 100 bila hofu. Kujaza siku moja hakuui. Kinachoua ni kuiacha imeshiba, na katika joto, mwezi baada ya mwezi.

Jambo hili si la matajiri. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, au karani anayejitegemea kwa kupiga chapa, bei ya betri ni chakula cha nyumbani. Ndiyo maana wengi tunakimbilia zile za bei ya kutupa, zisizojulikana zilikotoka. Tahadhari! Betri ya lithiamu ikitengenezwa vibaya inaweza kuwaka moto. Hata makampuni makubwa yaliwahi kuumbuka: mwaka 2006 kampuni ya Dell ya Marekani iliita zirudishwe betri zaidi ya milioni 4 zilizokuwa na seli za Sony, baada ya baadhi kushika moto. Ukiona kompyuta yako imeanza kuvimba kwa chini, au kibodi imenyanyuka, izime, usiichaji tena, usiitoboe, wala usiitupe kwenye takataka zinazochomwa. Ipeleke kwa fundi anayeelewa.

Na anayenunua ya mtumba, asiangalie kioo na rangi tu. Amwombe muuzaji amfungulie ripoti ya betri ndani ya kompyuta. Humo mna namba mbili: uwezo iliyozaliwa nao na uwezo iliyobaki nao. Kama ilizaliwa na 50 na sasa ina 25, ujue unanunua nusu ya betri, na bei ipungue kwa kadiri hiyo.

Mimi nimekwisha kununua nyingine. Chaja nachomoa, na mto umerudi kazini kwake, kulaza kichwa. Tukutane juma lijalo.