Mtoto akifiwa, usimwambie «papa alienda safari»

Kolwezi, kilio kikianza nyumbani, wakubwa wanakaa uwanjani, wamama wanapika, watoto wanapelekwa kwa jirani. Mtoto akiuliza papa yuko wapi, anajibiwa: «Alienda safari, atarudia.» Wanaojibu hivyo wana huruma, lakini jibu hilo linamwumiza mtoto kuliko ukweli.

Mtoto wa chini ya miaka mitano hivi hajaelewa bado kwamba mtu akikufa harudi. Ukimwambia safari, atangojea mlangoni. Ukimwambia «analala», anaweza kuogopa kulala yeye mwenyewe. Neno la kutumia ni lile la wakubwa: amekufa, hapumui tena, hasikii njaa wala maumivu, hatarudi. Atauliza tena kesho na kesho kutwa. Mjibu vile vile, bila kumkaripia; ndivyo anavyoelewa, kidogo kidogo.

Lualaba kuko shida ingine. Wababa wengi wanakufia machimboni. Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulipoporomoka katika mgodi wa KOV, kwenye eneo la kampuni ya KCC, wachimbaji zaidi ya 35 walikufa. Tarehe 15 Novemba 2025, kule Kalando, upande wa Mulondo, daraja lilivunjika na wakubwa wa jimbo wakatangaza vifo visivyopungua 32. Habari za namna hii zinakimbia kwa simu. Mtoto anaweza kuona picha ya maiti kwa WhatsApp mbele mama yake hajafungua kinywa. Ni heri asikie mapema, kwa mtu anayempenda. Akitaka kwenda kwenye maziko, na akishaelezwa atakachoona, aende na mtu wa kumshika mkono. Mwili usipopatikana, tafuteni hata nguo au picha ya marehemu, familia ikae, mtoto aage.

Mtoto wa shule ya msingi anaelewa kifo, ila mara nyingi anajihukumu kimya kimya: «Nilikatala kumuchotea maji, ndiyo maana alikufa.» Hatasema mpaka aulizwe. Muulize, halafu mwambie wazi kwamba si kosa lake.

Hapa ndipo kuna hatari kubwa. Mtoto halii kama mkubwa. Analia dakika tano, kisha anakimbia kucheza mpira. Kuna ndugu wanaoona ule mchezo na kusema ni mchawi, ndiye «alimukula» baba yake. Mtoto aliyejilaumu tayari atawaamini. Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi: kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu, pamoja na faini. Mchungaji au mjomba, sheria ni moja.

Na maneno ya «usilie, uko mwanaume» yaachwe. Mama naye akilia mbele ya watoto si vibaya, mradi aseme analilia nini.

Kukojoa kitandani, hasira, kushuka kwa pointi shuleni, hayo yanakuja na mara nyingi yanapita, zaidi mtoto akibaki katika nyumba yake, na ndugu zake, kwa masomo yale yale. Familia zinazogawana vyombo na watoto juma la kwanza zinamfanya apoteze yote mara moja. Miezi ikipita naye hali chakula, hasemi na mtu, ao anasema anataka kumfuata marehemu, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mwalimu naye aambiwe mbele mtoto hajarudi darasani, asije akamwagiza sahihi ya baba kwenye bulletini.