Bora Bora: Historia ya Kisiwa cha Fungate

Katika Bahari ya Pasifiki ya Kusini, yapata kilomita 260 kaskazini-magharibi mwa Tahiti, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Bora Bora, chenye nchi kavu ya takriban kilomita za mraba 30 na wakazi zaidi ya 10,000, ambacho hutajwa karibu kila yanapozungumzwa mambo ya fungate na mapumziko ya kifahari. Kisiwa hicho kimo katika Polinesia ya Kifaransa, yaani mkusanyiko wa visiwa zaidi ya 100 vilivyo chini ya Ufaransa lakini vyenye rais na bunge lao mjini Papeete, kisiwani Tahiti. Picha zake zimeenea duniani kote: mlima mweusi uliochongoka, maji ya buluu na kijani, na safu za nyumba za makuti zilizosimama juu ya nguzo baharini. Picha hizo hazidanganyi, lakini hazielezi ni kwa sababu gani kisiwa hiki, kati ya visiwa vingi vya Polinesia vyenye uzuri wa kulingana nacho, ndicho kilichotangulia kufunguliwa kwa ndege kubwa na kujulikana na walimwengu. Sababu hiyo imo katika historia, na sehemu yake kubwa ni habari ya vita vilivyosubiriwa bila kufika.

Umbo la Bora Bora lenyewe ni kazi ya mamilioni ya miaka. Visiwa vya eneo hilo vilizaliwa na volkano zilizotokeza juu ya mahali ambapo moto wa ndani ya dunia hupenya sakafu ya bahari, na kwa kuwa sakafu hiyo husogea polepole kuelekea kaskazini-magharibi, kila kisiwa huondolewa juu ya chanzo cha moto, kikapoa, kikaanza kudidimia kwa uzito wake. Wakati mlima unazama, matumbawe, ambayo ni viumbe wadogo wa baharini wanaojijengea maganda ya chokaa, huendelea kujenga kwenda juu ili yasikose mwanga wa jua, na matokeo yake ni mwamba unaokizunguka kisiwa kwa mbali, ukiacha katikati maji yaliyotulia ambayo wataalamu huyaita laguni. Charles Darwin alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1842 kuhusu miamba ya matumbawe, na Bora Bora ni mfano ulio wazi mno wa hatua ya kati ya safari hiyo: mlima Otemanu wenye urefu wa meta 727 bado umesimama, ilhali laguni inayouzunguka imekwisha kuwa pana kuliko nchi kavu yenyewe. Juu ya mwamba huo wa nje vimejipanga visiwa vidogo vya mchanga na minazi, viitwavyo motu, na meli inayotaka kuingia ndani ina mlango mmoja tu, nao ni ule wa Teavanui upande wa magharibi.

Watu waliokuja kukaa hapo walikuwa mabaharia wa Kipolinesia waliotoka visiwa vya magharibi, na utafiti wa karibuni wa mambo ya kale unaweka kufika kwao katika visiwa hivi karibu miaka 1,000 iliyopita. Waliongozwa na nyota, mawimbi na ndege wa baharini, wakiwa katika mitumbwi miwili iliyounganishwa au mitumbwi yenye matengo, yaani miti ya pembeni inayouzuia mtumbwi usipinduke. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kuchorewa chombo hicho, kwani ngalawa ya Zanzibar na Mafia ni ya jamii hiyohiyo, na wanahistoria wengi wanaona kwamba ufundi wake uliletwa katika Bahari ya Hindi na watu wa asili moja na Wapolinesia, ambao pia ndio waliopeleka lugha yao Madagaska. Hata vyakula walivyobeba si vigeni kwa Mswahili: magimbi, viazi vikuu, ndizi, minazi, na juu ya vyote shelisheli, ambalo huko lilikuwa tegemeo la chakula hata likifukiwa mashimoni likachachuka ili lifae miezi ambayo mti hauzai.

Bora Bora ya zamani haikuwa nchi ya usingizi. Wapiganaji wake waliogopwa kote, na katika karne ya 18, chini ya mtawala wao Puni, walikiteka kisiwa jirani cha Raiatea, kilichokuwa kitovu cha dini ya eneo zima kwa sababu ya madhabahu makuu ya Taputapuatea, ambayo tangu mwaka 2017 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mmoja wa watu waliokimbia uvamizi huo alikuwa Tupaia, kuhani na baharia mjuzi aliyepanda meli ya nahodha Mwingereza James Cook mwaka 1769 akiwa mkalimani na kiongozi wa njia, na akafariki mwaka uliofuata huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta.

Cook mwenyewe alifika Bora Bora Desemba 1777, na shughuli iliyomleta inastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo. Nahodha Mfaransa Bougainville alikuwa amepoteza nanga huko Tahiti mwaka 1768, wenyeji wakaiopoa, ikaishia mikononi mwa Puni. Cook, aliyekuwa ameishiwa na chuma cha kufulia mashoka ya kubadilishana na vyakula, alitaka kuinunua, akapeleka zawadi kadhaa. Puni alikataa kuzipokea kabla mgeni wake hajaiona nanga yenyewe kwa macho, na ilipoletwa ikaonekana kwamba pete yake na sehemu nyingine zilikuwa zimekatika, hata chuma kilichobaki kilikuwa pungufu ya kile kilichotarajiwa. Cook alitambua uungwana wa mtawala huyo, akaichukua nanga hiyo na kumpelekea zawadi zote kama alivyoahidi. Katika maandishi ya Wazungu watu wa Bora Bora walizoea kuitwa wanyang'anyi wa baharini, lakini katika biashara hii mtawala wao alipima haki kwa usahihi wa kupigiwa mfano.

Karne ya 19 ilileta wamisionari Waprotestanti kutoka London, na ibada za marae, yaani viwanja vitakatifu vya mawe, zikaachwa. Mkataba wa mwaka 1847 kati ya Uingereza na Ufaransa uliahidi kwamba Bora Bora na jirani zake wangebaki huru, lakini mataifa hayo mawili yaliufuta baadaye kwa mapatano yao wenyewe, na mwaka 1888 Ufaransa ikavitwaa visiwa hivyo. Malkia wa mwisho, Teriimaevarua III, aliondoka madarakani mwaka 1895, na kisiwa kikaingia katika maisha ya mbata, vanila na uvuvi.

Kilichobadili kila kitu ni shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, Desemba 1941. Marekani ilihitaji kituo cha kujazia mafuta katika njia ndefu iendayo Australia na New Zealand, na Bora Bora ilifaa kwa sababu ya bandari yake yenye kina na mlango mmoja uliokuwa rahisi kulindwa. Februari 1942 waliwasili wanajeshi wapatao 4,500 katika kisiwa ambacho wakazi wake hawakufika hata nusu ya idadi hiyo. Maandalizi yalikuwa mabaya: vifaa vya kupakulia vilikuwa vimepakiwa chini ya shehena nyingine, barabara hazikumudu malori, na maji matamu yaliyokuwapo hayakuwatosha watu wote hao, kwa hiyo ilibidi mabwawa na mabomba yajengwe kwanza kabla ya mengine. Ndipo mizinga minane ikapandishwa vilimani ili kuulinda mlango na laguni, na mwaka 1943 uwanja wa ndege ukakamilika juu ya Motu Mute, upande wa kaskazini. Adui hakutokea. Majeshi yaliondoka mwaka 1946, yakaacha barabara, matangi, watoto waliobaki na mama zao, na uwanja huo ambao kwa miaka kadhaa ndio pekee katika Polinesia ya Kifaransa ulioweza kupokea ndege kubwa, hata abiria waliokwenda Tahiti wakawa wanatua Bora Bora kwanza, mpaka uwanja wa Faa'a ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Nyumba za juu ya maji, ambazo leo ndizo alama ya kisiwa, hazikubuniwa hapo wala si mila ya kale ya Wapolinesia. Zilianzishwa mwaka 1967 kisiwani Raiatea na Wamarekani watatu wenye hoteli, ambao kiwanja chao hakikuwa na ufuo wa mchanga, wakaona heri mgeni alazwe juu ya laguni yenyewe. Wajenzi walitumia maarifa ya wenyeji ya kuezeka kwa majani ya mkadi, Bora Bora ikaupokea mtindo huo, na laguni yake tulivu ikaufaa kuliko mahali pengine popote.

Kinachomvuta mgeni zaidi, hata hivyo, ni uhai uliomo majini. Katika maji yenye kina cha kiuno, taa wakubwa huteleza juu ya mchanga wakimpitia mtu miguuni kwa mapezi laini, na papa wadogo wenye ncha nyeusi huzunguka kando bila kuonyesha ukali. Papa hao wamekuwa wakilindwa na sheria tangu mwaka 2006. Utajiri huu ungeweza kuharibika upesi, na hapa Bora Bora inastahili sifa isiyotajwa katika vipeperushi. Kisiwa kilichowakosesha maji wanajeshi mwaka 1942 sasa huchuja maji ya bahari, kwa kuyasukuma kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi, na majitaka husafishwa, sehemu yake ikatumika tena kumwagilia bustani badala ya kumwagwa kwenye laguni. Hoteli moja iliyofunguliwa mwaka 2006 hupoza vyumba vyake kwa ubaridi wa maji yanayovutwa kutoka kina cha meta 900 hivi. Mwaka 2022 manispaa iliamua pia kuwekea mipaka meli kubwa za watalii, isikubali zaidi ya abiria 1,200 kwa siku. Uamuzi huo uliwanyima wafanyabiashara mapato fulani, nao ulikuwa wa busara.

Gharama ni kikwazo cha kweli, kwa kuwa bidhaa nyingi huagizwa kutoka nje na hoteli za juu ya maji ni za matajiri. Hata hivyo zipo nyumba za kulala wageni zinazoendeshwa na familia, hasa kusini karibu na Matira, ufuo wa umma ambako mtu yeyote huogelea bila malipo. Majira mazuri ni kati ya Mei na Oktoba, mvua inapopungua, na Julai huwa na Heiva, sherehe ya kila mwaka ya ngoma, nyimbo na mashindano ya mitumbwi, ambayo wenyeji huifanya kwa ajili yao wenyewe kwanza na wageni baadaye. Atakayejaliwa kufika asiishie majini, bali atenge siku moja aende Faanui, upande wa magharibi, ambako marae ya Marotetini ya watawala wa kale imesimama ufukweni, na apande pia vilimani aione mizinga iliyobaki, ambayo bado inaelekeza midomo yake baharini.