Magugu Yafugayo Ukungu



Twazoea kusema gugu la kigeni hushinda kwa kunyang'anya mimea mingine jua na maji. Kumbe lina hila nyingine, nayo imo chini ya ardhi.

Huko Bara Hindi, katika milima ya Ghats ya Magharibi, kimeingia kichaka kiitwacho kromolena, asili yake Amerika. Mwaka 2008 wataalamu walieleza kuwa majimaji yatokayo mizizini mwake huzidisha udongoni ukungu wa fusariamu, nao huwadhuru majirani zake, kama mianzi na mchicha wa miiba. Walipouchukua udongo wa chini ya kichaka hicho na kuua vijidudu vilivyomo, miche haikudumaa tena. Basi mkosaji si udongo kuchoka, kama wengi wetu tungalivyodhani (na mimi nilikuwa mmoja wao).

Sisi wenye mikarafuu jambo hili lisitushangaze, maana yale maradhi ya kufa ghafla yaliyoangamiza mashamba Unguja nayo wataalamu waliyahusisha na ukungu wa mizizini. Mwenye kung'oa miche penye magugu mageni na aukung'ute udongo wake palepale, asiulete shambani.