Kiwanja: Programu ya simu huwa nyepesi kuanzia kwenye seva

Vijana wa Kivu ya Kaskazini wanaojifunza kuunda programu za simu hukutana mapema na swali hili: upande wa seva watumie fremuweki gani? Fremuweki ni kiunzi cha kodi kilichokwisha kuandaliwa. Kinasaidia seva kupokea ombi kutoka kwenye simu, kutafuta jibu kwenye hifadhi ya data na kulirudisha.

Kwa mji kama Kiwanja, wilayani Rutshuru, kilomita 70 hivi kaskazini mwa Goma, swali hilo si la wataalamu peke yao. Watu hununua mega kidogo kidogo, na mtandao unaweza kukatika siku ile ile unapohitajika zaidi.

Ziko fremuweki kubwa kama Django, iliyotolewa mwaka 2005, ambayo huja na usajili wa watumiaji, ukurasa wa usimamizi na mengineyo. Ziko pia ndogo. Flask ya Armin Ronacher, raia wa Austria, ilianza kama mzaha wa tarehe 1 Aprili 2010. FastAPI ya Sebastián Ramírez wa Kolombia ilitoka mwaka 2018. Ikiwa seva inaongea na simu tu, fremuweki ndogo mara nyingi inatosha: kodi ni chache, na seva ya bei ya chini inaibeba.

Lakini mwenye simu haoni wepesi huo. Anachokilipia ni uzito wa jibu. Chukua mfano wa programu ya bei za soko. Ikiwa seva inatuma orodha nzima ya kilobaiti 200 kila inapofunguliwa, mtu anayeifungua mara 10 kwa siku anapoteza megabaiti 60 kwa mwezi. Ikituma bei zilizobadilika tu, tuseme kilobaiti 5, mwezi mzima unakula megabaiti 1.5. Fremuweki ni ile ile.

Jambo la pili ni mtandao unaokatika. Mkulima anatuma kwamba ameuza magunia 10 ya maharagi, mtandao unakatika kabla ya jibu kufika, simu inatuma tena. Seva isiyo makini itaandika magunia 20. Dawa yake ni simu kuipa kila taarifa namba ya pekee. Seva ikiona namba hiyo mara ya pili, irudishe jibu la kwanza bila kuandika upya. Kazi hiyo kwa kawaida humwangukia mwenye kuunda programu.

Jambo la tatu ni uhai wa fremuweki yenyewe. Jukwaa la Ushahidi, lililozaliwa Kenya mwaka 2008 baada ya ghasia za uchaguzi, lilitumika Kongo mwezi Novemba mwaka huo huo kukusanya taarifa za vita vya Kivu, mwezi ambao raia waliuawa Kiwanja. Kwa miaka mingi Ushahidi ilisimama juu ya Kohana, fremuweki ya PHP. Kohana ikaachwa, haikuendelezwa tena, na Ushahidi ikahamia Lumen, fremuweki ndogo iliyotoka mwaka 2015. Leo watunzaji wa Lumen wenyewe wanawashauri wanaoanza mradi mpya watumie Laravel, dada yake mkubwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, vijana waulize mambo haya. Je, fremuweki bado inatunzwa na kurekebishwa kasoro za usalama? Je, maelezo yake yanaweza kupakuliwa na kusomwa bila intaneti? Na aliyeandika programu akilazimika kukimbia mji, yuko mwingine hapa anayeweza kuiendesha?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Fremuweki ambayo vijana wawili au watatu wa hapa wanaifahamu vizuri inawafaa wakulima wa Kiwanja kuliko ile yenye kasi zaidi ambayo mtu mmoja tu anaijua.